Nani alifariki kijana na bado anakuuma?

mkimbia_alfajiri: Wakuu, wangu ni Kelvin Kiptum. Marathoni ya Chicago, Oktoba 2023, 2:00:35, miaka 23 tu! Marathoni tatu maishani, zote kashinda. Rekodi hiyo ya dunia ikaidhinishwa Februari 6, 2024. Siku tano baadaye ajali ya gari karibu na Kaptagat ikamchukua yeye na kocha wake, Gervais Hakizimana. Asubuhi ile nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, natoka kwenda mazoezini kama kawaida, simu ikaita. Nikakaa kizingitini mpaka jua likawa kali. Wenu ni nani?

dada_wa_vitumbua: Pole ndugu yangu. Mimi Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, Aprili 2012, miaka 28. Siku ile mama aligeuza vitumbua huku machozi yanamtoka, vikaungua sahani nzima.

mzee_wa_redio: Samuel Wanjiru, wanangu. Beijing 2008, joto lile, kaondoka kwa kasi tangu mwanzo: 2:06:32, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. 2011 hayupo, miaka 24.

mkimbia_alfajiri: Mzee, Wanjiru ndiye aliyenifanya ninunue viatu.