Minyoo kwenye samaki wa Nyasa, Mtera na Rukwa: kukaanga, kuchemsha, kubanika, kugandisha au ndimu, ipi inaua kweli?

Jiko_Mafinga
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kuandaa samaki wa maji baridi wanaovuliwa porini. Jikoni wanaingia perege na kambare wa bwawa la Mtera, na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa Kyela, wabichi na wakavu. Usipa wengine wana utepe mweupe tumboni, na perege wengine wana minyoo waliojikunja karibu na moyo. Njia zilizopo ni kukaanga, mchuzi, kubanika kwa moshi na friza. Wapo wanaosema ndimu na chumvi vinatosha. Ipi ina uhakika, kwa joto gani na muda gani? Na samaki mwenye mnyoo anatupwa?

Ziwani_Matema
Kabla ya kulinganisha njia, tuwajue hao minyoo, kwa sababu wengi wanaotisha macho sio wanaomdhuru mlaji.

Huo utepe wa usipa ni Ligula. Ndege wala samaki kama mnandi hunyea mayai majini, vidudu vidogo vya majini vinaambukizwa, usipa anavila vidudu hivyo, na mnyoo anakua ndani ya tumbo mpaka ndege mwingine ammeze huyo usipa. Mnyoo anahitaji ndege ili akomae. Kwa binadamu si tishio la kawaida, na akipikwa amekufa. Usipa mwenye Ligula utamtambua hata kabla ya kumpasua, maana tumbo limevimba kuliko wenzake.

Wa kwenye perege, waliojikunja karibu na moyo, mara nyingi ni Contracaecum. Nao wanamsubiri ndege, hasa mwari na mnandi. Kambare anao pia, tumboni. Vifuko vya njano kama punje za mtama kwenye mnofu au mashavu ni Clinostomum, anayepitia kwa konokono kwanza kisha samaki. Huyu wa njano ameshawahi kuwapata watu waliokula samaki mbichi, akajishika kooni na kuleta uvimbe na kikohozi. Ni nadra, lakini inatosha kukataa samaki mbichi. Madoa meusi kwenye ngozi ni rangi ambayo samaki mwenyewe anaijenga kumzunguka mnyoo mdogo sana. Hayo ni suala la sura tu.

Ruaha_Mkuu
Nikazie hapo kwa Ziwani. Kuna watu wanasema minyoo hatari ya samaki ipo Asia tu. Ni kweli kwamba minyoo ya ini inayotokana na samaki inasumbua zaidi Thailand, Laos na China, na mnyoo mrefu wa utumbo anayemnyang'anya mtu vitamini B12 anajulikana zaidi kwenye maziwa ya nchi za baridi. Lakini Gnathostoma, ambaye lava wake (mnyoo mchanga) hutembea chini ya ngozi ya mtu, amewapata watu waliokula samaki mbichi wa mto huko Botswana. Hiyo ni Afrika hii hii. Kwa hiyo wale wanaoanza kuuliza habari za samaki mbichi wa mtindo wa Japani kwa kutumia perege wa Mtera, jibu ni hapana.

Uyole_Chakula
Sasa joto. Minyoo ya samaki inakufa nyama ikifika nyuzi 60 kwa dakika 1 katikati. Jikoni lenga 63 ili kubaki salama. Tatizo halijawahi kuwa joto la jiko, tatizo ni joto kufika kwenye mfupa.

Kuchemsha ndiko kwenye uhakika zaidi. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na Makete, palipo juu zaidi, yanachemka chini ya hapo. Bado ni mbali juu ya 60, kwa hiyo mtu asiogope mwinuko. Vipande vya kambare vya unene wa sentimita 3, dakika 15 tangu mchuzi uanze kutokota, sufuria imefunikwa. Usipa wabichi, dakika 10.

Kukaanga kunaua vizuri pia, ila ndiko kunakoharibika mara nyingi. Perege mzima wa nusu kilo anakaangwa nje akaiva rangi huku karibu na uti wa mgongo bado pana ubichi. Sababu ni tatu. Mafuta ni makali mno, ngozi inabadilika dakika ya pili. Samaki hakukatwa mistari. Au karai limejazwa, mafuta yakapoa ghafla. Kata mistari kila sentimita 2 hadi 3, ifike kwenye mfupa, pande zote mbili. Moto wa kati, dakika 6 hadi 8 kila upande, samaki wawili au watatu kwa karai la kawaida. Mwenye barafu ndani asiingie kwenye mafuta, ayeyuke kwanza. Kupima: chomeka kisu nyuma ya kichwa, palipo panene zaidi. Nyama iachie mfupa yenyewe na iwe nyeupe isiyopitisha mwanga. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, rudisha. Kambare mnene usimkaange mzima.

Chanja_Itungi
Kubanika: tofautisha moshi wa moto na moshi wa kupoza. Samaki anayewekwa kwenye chanja juu ya moto wa kweli mpaka nyama ikaiva, kisha moto ukapunguzwa ili moshi umkaushe, huyo ni salama. Anayewekwa mbali apate rangi na harufu tu hajapikwa. Ukinunua wa kubanika sokoni Mwanjelwa mvunje karibu na mfupa. Kama nyama inang'ang'ania na ina unyevu wa ubichi, basi akachemshwe.

Jua peke yake usilitegemee. Usipa akiwa juani anatoa maji, na maji yakitoka yanapoza nyama, hivyo hafiki nyuzi 60. Ukavu wenyewe unadhoofisha minyoo, lakini hauna kipimo. Kyela mvua ni nyingi, usipa wa masika unachukua siku zaidi, nzi wanataga, na mnunuzi anakuta funza. Funza hao ni watoto wa nzi waliokuja baada ya kuvuliwa, wala si minyoo ya ziwani. Usipa wa namna hiyo anakataliwa kwa sababu ya uchafu. Mkavu mzuri: osha kwa maji ya moto, kisha pika.

Mtera_Sokoni
Mimi naona friza inatosha. Ukishagandisha usiku mmoja kila kitu kimekufa, na ndimu ukiongeza ndiyo kabisa.

Uyole_Chakula
Ndugu, hapo hapana, kwa yote mawili. Ndimu na siki hubadilisha rangi ya nyama ionekane imeiva, lakini mnyoo anavumilia asidi hiyo. Chumvi ya kupaka ni vivyo hivyo. Ndimu weka kwa ajili ya ladha.

Friza inaua ikiwa ni ya kweli. Kanuni za Marekani zinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ulaya wanakubali saa 24, lakini baridi hiyo iwe imefika kila sehemu ya nyama. Kisanduku cha barafu juu ya friji ya nyumbani mara nyingi hakifiki hapo, kikifunguliwa kila saa kinapanda, na umeme ukikatika hesabu inaanza upya. Weka kipimajoto ndani, panga samaki safu moja mpaka wagande, ndipo uwarundike. Hata hivyo kwa jiko linalopika, friza ni ya kutunza ubora tu, kazi ya kuua iache kwa moto.

Kijiko_Iringa
Na kichocho? Kuna wateja wanaogopa samaki wa Nyasa kwa sababu hiyo.

Ziwani_Matema
Kichocho kinaingia kwa ngozi, mtu akiwa ndani ya maji yenye konokono wake. Kula samaki hakukuletei.

Ruaha_Mkuu
Jibu la kutupa au kutotupa, Jiko_Mafinga. Minyoo wakiwa tumboni tu, toa matumbo yote, kwangua utando mweusi, osha, pika. Wakiwa kwenye mnofu sehemu moja, kata kipande hicho. Mnofu ukijaa vifuko, mrudishe kwa muuzaji, mteja hapaswi kuletewa hicho. Pasua samaki mapema, saa chache baada ya kuvuliwa kama inawezekana, kwa kuwa baadhi ya lava huhamia mnofuni samaki akishakufa. Wakifika Mafinga na matumbo yao tangu Mtera, harufu na mashavu ya kahawia vinatakiwa kukusumbua kuliko minyoo. Kuoza kunaumiza walaji wengi zaidi.

Matumbo mabichi usimpe mbwa wala paka, na usiyatupe ufukweni ambako ndege wanayaokota. Fukia. Ubao na kisu cha samaki kibichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Jiko_Mafinga
Asanteni sana. Basi kambare wote mchuzi, perege mistari na moto wa kati. Nauliza moja: usipa mbichi huwa hawatolewi matumbo, ni wadogo mno. Nao?

Chanja_Itungi
Wachambue tu, weka pembeni waliovimba tumbo. Waliobaki chemsha dakika 10 kwanza kwa maji kidogo na chumvi, mwaga maji, ndipo ukaange na nyanya na vitunguu. Wanakuwa wakavu na hawavunjiki kwenye kikaango.