Mkupuo wa milioni 60: hatifungani, vipande vya UTT au vyumba vya kupangisha?

Kibubu60: Wadau, mzazi anastaafu kwa lazima, miaka 60. Pensheni ya kila mwezi ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ipo. Swali ni mkupuo, yaani milioni 60 anazolipwa kwa mara moja: aziweke wapi? Anataka hela ya kujazia matumizi, hatafuti utajiri.

MnadaJumatano: Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, tuseme za miaka 20, ila si zote 60. Anafungua akaunti ya CDS, ya kutunzia hati kielektroniki, kwa dalali wa soko la hisa au benki. Kianzio milioni 1. Riba inaingia kila miezi sita, na kwa hati za muda mrefu kama hizo haikatwi kodi ya zuio. Tuseme riba ni 12%: milioni 40 inaleta 2,400,000 kila nusu mwaka. Achukue hati mbili, moja inayolipa Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba, hela iingie kila miezi mitatu. Bei nayo ni mtego: ukinunua kwa 108 kwa kila 100 ya thamani ya hati, hati ya milioni 10 umeilipia 10.8, na muda wake ukiisha unarudishiwa 10 tu.

BiHesabu: Mkuu, miaka 20 kwa mtu wa 60? Akiugua itabidi auze kwenye soko la hisa, DSE, na kama hati mpya zina riba kubwa kuliko yake, wanunuzi watadai punguzo. Akifariki, familia isubiri msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Kwanza milioni 10 ziende Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao sehemu yako inaitwa vipande: vipande unaviuza kwa mfuko wenyewe, hutafuti mnunuzi. Ila faida huko haina kiwango cha uhakika, usidanganywe.

Pwagu: Fixed, yaani amana ya muda maalum benki, je? Benki iko karibu na nyumbani.

BiHesabu: Riba ya fixed inakatwa 10%. Na benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi milioni 7.5 kwa mteja, sasa 60 zote benki moja za nini?

TofaliSita: Vyumba mnavisahau! Kodi ya pango inapanda, riba ya hati imeganda miaka yote 20.

MnadaJumatano: Hapo una hoja. Lakini toa kodi ya zuio 10%, dalali, choo kilichoziba na miezi bila mpangaji. Kama kiwanja bado hakijanunuliwa, milioni 60 inaishia kwenye lenta.

Kibubu60: CDS inataka nini?

MnadaJumatano: Kitambulisho cha taifa (NIDA), picha, akaunti ya benki. Majina yafanane herufi kwa herufi, la sivyo malipo yanakwama.