Tesseract 5 inagoma kwenye ./configure: inadai Leptonica haipo, na mimi ninayo

Bi_Majarida

Habari zenu wakuu. Nina matoleo ya jarida la Mambo Leo ya miaka ya 1930 aliyotuachia babu. Ninayaskani ili yawe maandishi yanayotafutika, ndugu zetu walio mbali nao wayasome. Karatasi zimegeuka manjano na kurasa kadhaa zina madoa ya maji.

Natumia Ubuntu 22.04, kompyuta mpakato ya RAM GB 4. Tesseract (programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha) inayokuja na apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, ni 4.1.1, na ikifika penye doa inatoa herufi za ovyo. Nimesoma kwamba toleo la 5 lina njia nyingine za kutenganisha wino na karatasi, lakini kwenye apt ya 22.04 halimo. Basi nimeshusha msimbo nikompaili mwenyewe, yaani niugeuze kuwa programu. `./autogen.sh` imepita salama. `./configure`, inayokagua kama vinavyohitajika vipo, imeishia hapa ikidai Leptonica, maktaba ya kuchakata picha ambayo Tesseract inaitegemea:

`configure: error: Leptonica 1.74 or higher is required. Try to install libleptonica-dev package.`

Nikiandika `dpkg -l | grep lept` naiona liblept5, toleo la 1.82. Na Tesseract ya zamani inafanya kazi, kwa hiyo Leptonica ipo. Hiyo ya -dev nimeiacha kwa sababu nimeelewa ni ya watengeneza programu, nami si mmoja wao. Naomba msaada, na bando langu ni dogo.

Pwani_Linux

Shusha Leptonica yenyewe uikompaili kwanza, kisha rudi kwenye Tesseract. Kwenye CentOS nilifanya hivyo ikakubali.

Fundi_Mitambo

Dada, pole na hongera kwa kazi hiyo. Usikompaili Leptonica. Pwani_Linux, naheshimu ushauri wako, ila kwa Ubuntu ni kumtwisha mzigo usio wake. Leptonica ikikompailiwa pasipo vifurushi vya -dev vya libtiff, libpng na libjpeg (maktaba za kusoma aina mbalimbali za picha), itakamilika bila kulalamika, halafu itakataa kufungua picha zake za TIFF. Hapo atahangaika kutafuta kosa kwenye Tesseract wakati liko kwingine.

Sasa kuhusu liblept5. Hiyo ni maktaba ya kuendeshea, inayotumiwa na programu iliyokwisha kujengwa. Anayejenga anahitaji pia faili za vichwa, zile zenye mwisho wa .h, na faili ya .pc ambayo configure huisoma kupitia pkg-config. Hizo zimo ndani ya libleptonica-dev. Ukishaanza kukompaili, kwa kompyuta wewe ndiye mtengenezaji, hata kama hujaandika mstari mmoja wa C++.

`sudo apt install automake g++ git libtool make pkg-config libleptonica-dev`

Kwa ajili ya bando, chukua toleo moja tu bila historia yake yote:

`git clone --depth 1 --branch 5.3.4 https://github.com/tesseract-ocr/tesseract.git`

Kisha, ukiwa ndani ya folda ya tesseract iliyoshushwa:

`./autogen.sh`
`./configure --prefix=$HOME/tess5`
`make`

Hiyo `--prefix` naisisitiza kwa moyo wote. Usipoiweka, programu itakwenda /usr/local na utakuwa na Tesseract mbili zinazogombea jina moja. Ukiiweka, mpya inakaa kwenye folda yako, ya apt haiguswi, na siku ukitaka kuifuta unafuta folda moja. `make install` nayo haitahitaji sudo.

Usiinstoli kabla ya kujaribu. Majaribio rasmi ni `make check`, lakini yanataka googletest na data nyingi za ziada, yatakumalizia bando. Jaribio lako liwe ukurasa wako wenyewe. Tengeneza folda ~/data, ushushe humo faili ya Kiswahili:

`wget https://github.com/tesseract-ocr/tessdata_best/raw/main/swa.traineddata`

Halafu, ukiwa bado ndani ya folda ya msimbo:

`./tesseract --tessdata-dir ~/data ukurasa.tif stdout -l swa -c thresholding_method=2`

Hiyo namba 2 ndiyo sababu ya safari yote hii. Njia ya kawaida, Otsu, inachagua kiwango kimoja cha weusi kwa ukurasa mzima, hivyo doa likiwa jeusi kupita kiwango hicho linahesabiwa kuwa wino. Namba 2 ni Sauvola, inayopima kila eneo kwa kulinganisha na jirani zake. Haikuwamo kwenye 4.1.1. Kama madoa si tatizo lako kubwa, hutaona tofauti ya kutosha, maana faili za lugha ni zilezile kwa toleo la 4 na la 5. Jaribu ukurasa mmoja msafi na mmoja wenye doa.

Bi_Majarida

Configure imepita! Lakini nilisoma mahali kwamba `make -j4` ni ya haraka, nikaitumia, ikakatika:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Msimbo una hitilafu?

Fundi_Mitambo

Msimbo ni mzima. RAM imekwisha. -j4 inaendesha kazi nne kwa wakati mmoja, na faili nne za C++ pamoja na kivinjari kilichofunguliwa ni nyingi kwa GB 4. Linux ikaua mojawapo ili mashine isigande. Funga kivinjari, andika `make` peke yake. Haitaanza upya, itaendelea na faili zilizobaki. Ichukue muda wake.

Bi_Majarida

Imemaliza. Ukurasa msafi, matokeo karibu sawa na ya zamani. Ukurasa wenye doa, aya ya juu yote inasomeka, na mwanzo ilikuwa alama tupu! Ila chini, penye safu mbili, mistari ya safu ya kushoto na ya kulia imeungana. Nilikuwa nimeongeza `--psm 6`.

Fundi_Mitambo

Nimefurahi sana kuhusu hiyo aya. Ondoa `--psm 6`. Inaiambia programu kwamba ukurasa ni bonge moja la maandishi, kwa hiyo inasoma moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Bila kuitaja inatumia 3, inayotafuta safu yenyewe. Ukurasa ukiikataa hata hiyo, kata picha ya kila safu peke yake.

Sasa `make install`, kisha hamisha swa.traineddata kwenda ~/tess5/share/tessdata ili usilazimike kuandika `--tessdata-dir` kila mara. Tangu hapo unaita `~/tess5/bin/tesseract`. Na tafadhali zihifadhi zile TIFF hata baada ya kupata maandishi. Faili bora ya lugha ikija kesho, utazisomesha upya bila kuzigusa tena karatasi za babu.