Mawakala wa vyuo vya Marekani na shule zetu: mnawaponza madogo kwa fomu msizozielewa

Wakuu, salaam.

Kila Januari ni yale yale. Dogo ana Division One safi, kwao Mbagala au Manzese hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, anaomba vyuo vigumu kuingia vya Marekani, halafu anakwama kwenye mambo ambayo mtu mzima mwenye kuelewa angeyanyoosha ndani ya saa moja. Na huyo mtu mzima kalipwa! Inakera sana.

Chukueni swali la elimu ya wazazi kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja. Mama ana diploma ya ualimu. Huku kwetu tunasema "mama kamaliza chuo", basi wakala anabofya palipoandikwa amehitimu chuo. Mmarekani akisoma hapo anaelewa shahada ya miaka minne. Vyuo vingi humhesabu mwombaji kuwa wa kwanza kwao kusoma chuo kikuu ikiwa si baba wala mama aliyepata shahada, kwa hiyo mwalimu wa diploma bado mwanaye anaingia humo. Kwa kubofya vibaya mara moja, dogo anasomwa kama mtoto wa wasomi. Na mjomba mwenye shahada anayemlea asiandikwe mahali pa baba. Swali ni la mzazi.

Kwenye sehemu ya shughuli za nje ya masomo nako ni uharibifu mtupu. Nafasi ziko kumi, maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150, na orodha ya aina za shughuli ina majukumu ya nyumbani na kazi ya kulipwa. Anayefungua genge saa kumi na moja alfajiri na kulea wadogo zake watatu anatakiwa ayaandike hayo, pamoja na saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Mawakala wanayafuta, wanamwekea klabu ya mdahalo ambayo hajawahi kuhudhuria. Mnamfuta mtoto mwenyewe, mnabakiza karatasi inayofanana na ya kila mtu.

Sasa fedha, ambako ndiko mnakowamaliza. Mnawaambia "usiombe msaada, utakataliwa". Ukweli ni kwamba vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wa familia vinapochagua, hata kwa wageni. Vingine vingi huangalia, na huko kuomba msaada kweli kunapunguza nafasi. Lakini asiyeomba tangu mwanzo, kwa vingi vya vyuo hivyo hawezi kuja kuomba baadaye. Akipata nafasi, hana pa kuonyesha fedha, hapewi I-20, yaani fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, na bila I-20 hakuna viza. Mnajua hilo, mnachukua ada yenu na kutokomea.

Halafu CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia ili kuomba msaada, mnamjazia kwa kubahatisha. Tuseme mama ntilie wa Buguruni anauza wastani wa shilingi 60,000 kwa siku. Mchele, nyama, mafuta na mkaa vinakula 45,000. Kinachobaki ni 15,000. Kwa siku 26 za kazi ni 390,000 kwa mwezi, yaani 4,680,000 kwa mwaka. Hicho ndicho kipato. Ninyi mnazidisha 60,000 mara siku 30 mara miezi 12, mnaandika 21,600,000, familia inaonekana ina uwezo mara nne na zaidi ya ule ilionao! Andikeni mauzo mbali na matumizi, kwa shilingi, na kwenye nafasi ya maelezo mweleze hesabu imepatikanaje. Kama hakuna ritani ya kodi, semeni hakuna na kwa nini, kisha muweke barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, tafsiri yake ya Kiingereza na taarifa ya miamala ya simu. Takwimu za kwenye barua zilingane na za kwenye fomu. Fomu hiyo ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, ila vipo vyuo vinavyotoa msamaha wa ada au kupokea fomu nyingine ya bure. Ulizeni kwa barua pepe kabla ya kumlipisha mzazi. Msamaha wa ada ya maombi nao umo ndani ya Common App, kwenye wasifu wa mwombaji. Kuuza hicho kama siri ni wizi.

Wakuu wa shule, hamjapona. Mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, matokeo ni Julai. Anayeomba akiwa bado darasani anahitaji makadirio ya alama kutoka kwenu, mnamjibu "hatutoi hayo". Mnatuma ripoti yenye 62 bila maelezo. Mmarekani akiona 62 anaona mtu aliyenusurika kufeli. Kwetu Kidato cha Nne C inaanzia 45 na A inaanzia 75, na Kidato cha Sita A inaanzia 80. Ukurasa mmoja wenye madaraja hayo, tahasusi mlizonazo na idadi ya Division One za mwaka jana unatosha, na mwalimu wa taaluma anaumaliza jioni moja.

Barua za walimu za kumpendekeza mwanafunzi ndizo hatari kuliko zote. Mwaliko wa kuandika barua unakwenda kwenye barua pepe ya mwalimu mwenyewe, naye ndiye anayepandisha barua. Wakala akifungua barua pepe kwa jina la mwalimu na kujiandikia sifa, huo ni udanganyifu, na chuo kikigundua kinafuta maombi, hata nafasi iliyokwisha kutolewa. Atakayeumia ni mtoto, wakala yuko ofisini anapokea wengine.

Na tarehe. Vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida siku za mwanzo za Januari. Wa bweni hana simu muhula mzima, anaanza kujaza likizo ya Desemba, wakati mkuu wa shule yuko kijijini na mhuri umefungiwa kwenye droo. Shule zigonge mihuri na kuskani ripoti zote kabla ya kufunga, na mwalimu wa taaluma aondoke na nakala kwenye simu yake.