Yule jamaa wa pasi ya gari pale Orlando: mtoto wangu unamgeukia wa nini?

Wakuu,

Nimetoka pale sasa hivi, hata gari sijawasha. Mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila aliyewahi kufikia kwenye hizi taimushea za Orlando, Florida, nyumba za likizo za zamu ambazo unanunua wiki yako ya kila mwaka, amekutana naye. Anakaa kaunta ya PILI. Ya kwanza unapewa funguo, halafu unaambiwa kwa upole, "Pasi ya kuegesha gari chukua pale." Pale ndiyo kwake, na pasi ni chambo tu: kazi yake ni kukuuzia taimushea. Tabasamu limeanzia sikio la kulia, limeishia Tampa.

Leo hesabu zimemkataa. Kalamu imelala mezani, mimi nimekunja mikono. Akaniacha mimi na ndevu zangu, AKAMGEUKIA MTOTO. Wa miaka sita. "Mwambie baba asaini, uje kumwona Mickey kila mwaka."

Miaka sita! Kamba za viatu hajui kufunga, anafanywa mdhamini wa mkopo!

Wameniita "kikao cha dakika 90." Dakika 90 za nchi gani? Jua limetoka utosini likaenda kuzama. Bei ya kwanza dola 41,000. Akaikata, akaandika 33,000. Akamwita "meneja," ikawa 24,000, na ni leo tu, ukivuka mlango imekufa. Bei inaporomoka kuliko lifti ya Tower of Terror. Ila kuzidisha hataki. Nimezidisha mwenyewe: dola 24,000 kwa riba ya asilimia 15, miaka 10, ni kama dola 387 kwa mwezi, jumla inapita 46,000. Juu yake ada ya matunzo dola 1,200 kwa mwaka, na hiyo haina cha miaka 10, inakwenda na wewe hadi kaburini huku inapanda. Gawanya kwa wiki kumi utakazolala: kila wiki inakaribia dola 5,850. Wiki ile ile, chumba kile kile, mwenye wiki yake aliyechoka nayo anakupangisha kwa hela inayozunguka hiyo hiyo ada yake, maana Orlando vyumba vimezidi walalaji.

Hiyo 5,850 nilipoipigia mstari ndipo alipomgeukia mtoto. Hakunigeukia mimi mwenye kalamu. Mtoto!

Na ule wimbo wake wa "dakika kumi kutoka Disney." Dakika kumi mpaka kwenye KIBAO. Eneo la Walt Disney World ni kama kilomita za mraba 100, kibao ni mwanzo wa safari. Ukienda Magic Kingdom, moja ya bustani za michezo za Disney humo ndani, gari hufiki nalo getini: unaegesha kwenye kituo chao, Transportation and Ticket Center, unapanda treni ya juu au kivuko, unavuka maji, ndipo uone geti. Ongeza dakika 30 hadi 45 kwenye hizo kumi zake. Nimemwambia hivyo, akacheka, akamtazama mtoto.

Sijasaini. Ila sasa hivi kiti cha nyuma kuna mtu analia, ananiuliza kwa nini nimemkataa Mickey. Nani kamwingiza kwenye mkataba wa watu wazima? Yule yule. Mnamjua.

Kisiki_cha_Mpingo: Pole mkuu, huyo namjua, mimi aliniita "my brother" mara arobaini.

Kwa anayesoma huu uzi na ameshasaini: sheria ya Florida inakupa siku 10 za kalenda kufuta. Zinahesabiwa toka siku uliyosaini au siku uliyopokea karatasi ya mwisho, ile iliyokuja baadaye. Haki hiyo haiondoki hata wakikusainisha kwamba umeiacha. Fungua mkataba, tafuta maandishi mazito juu ya mahali pa saini, anwani ya kutuma iko hapo. Barua iwe fupi: majina yote kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe ya kununua, sentensi moja tu kwamba unafuta, na saini za wanunuzi WOTE. Mume akisaini peke yake unatafuta matatizo. Peleka posta kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa, tunza nakala. Usitoe sababu, maana kila sababu wana jibu lake. Usipige simu kabisa, simu itakuzungusha mpaka siku ya 11. Kinachowamaliza wengi ni kwamba karatasi zimo kwenye tableti au ndani ya mfuko wa lile begi zuri la zawadi, na wanalifungua wamesharudi Minnesota wiki mbili zimepita.

Babu_Kijiwe: Mleta uzi hujatuambia ulikaa pale kwa ajili ya nini. Nakusaidia: tiketi za punguzo. Umeuza alasiri nzima ya likizo kwa tiketi, halafu unakuja kutulilia sisi.

Karatasi ya hiyo zawadi ya tiketi ina masharti yote: mume na mke waje pamoja, vitambulisho, kadi ya benki, kiwango cha kipato, na MUDA. Unaandika saa ya kuanza mbele ya macho yake. Dakika ya 91 unasimama, unadai kilichoandikwa. Na pasi ya gari ilikuwa kaunta ya kwanza siku zote: "Nipe pasi hapa hapa, kikao sitaki." Unarudia bila kubadilisha neno mpaka wachoke wao. Na nani kakwambia uingie na mtoto kwenye meza ya mauzo?

Mleta uzi: Babu, acha pasi. Hata kama ningeingia na ukoo mzima, mtu mzima anaongea na mtu mzima. ALIMGEUKIA MTOTO. Au kwenu hilo ni sawa?

Mama_Wawili: Wewe angalau umegeukiwa mtoto. Njoo kwangu tuzungumze "nafasi ya watu 8." Nani aliyehesabu hao wanane, mwuza dagaa?

Kwenye RCI, mtandao wa kubadilishana wiki za taimushea, chumba kina namba mbili, mfano 8/6. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia: ni watu wanaoweza kulala bila kupita chumbani kwa mwenzao. Wawili waliobaki wako kwenye kochi la kukunjua sebuleni, lina chuma katikati kinachopita mgongoni, na mtu akitaka maji usiku anawaruka. Familia ya watu sita chukua 8/6, usichukue 6/4 ukajidai mtajipanga. "Studio" mara nyingi haina jiko la kupikia, ni maikrowevu na friji dogo. Nyumba nyingine za vyumba viwili vya kulala ni studio na nyumba ya chumba kimoja zilizounganishwa kwa mlango, kila upande na mlango wake wa nje. Ukiwa na mtoto anayetembea usingizini, huo mlango wa upande wa pili uuulizie kabla hujalipa. Halafu uliza mashine ya kufulia iko NDANI au chini uani kwa sarafu. Siku saba za jua la Florida na watoto wawili, bila mashine ndani utabeba nguo za mwezi.

Dereva_wa_I4: Mada inapotea. Tatizo ni kwamba watu wanachagua rizoti kwa picha ya bwawa. Chagua kwa bustani unayokwenda siku nyingi zaidi. Disney siku nne, kaa Lake Buena Vista au upande wa magharibi wa Kissimmee. Universal, mpinzani wa Disney, siku nyingi, kaa International Drive. Na kumbuka Epic Universe, iliyofunguliwa 22 Mei 2025, haiko pamoja na bustani mbili za zamani za Universal, lazima upande gari au basi. Kutoka Disney kwenda Universal kwa barabara kuu ya I-4 ni dakika 20 barabara ikiwa nyeupe. Jioni usiniulize.

Basi la rizoti "la bure" lina ratiba, siyo teksi. Uliza mambo matatu: linaondoka saa ngapi, la mwisho kurudi saa ngapi, na linashusha wapi. Likirudi kabla ya fataki, mtoto ataziona dirishani.

Na barabara za kulipia, 417, 429, 528. Kampuni za kukodi gari zinakutoza ada yao ya kila siku juu ya ushuru wenyewe. Kuna kadi ya bure ya wageni ya kulipia huo ushuru, Visitor Toll Pass ya E-PASS, pale uwanja wa ndege wa Orlando: unajisajili kwenye programu kabla hujafika, unachukua, unaitundika kwenye kioo, ukiondoka unairudisha. Hizi kampuni za magari ndizo za kufunguliwa uzi, siyo huyo wa tabasamu.

Fundi_Pointi: Hakuna aliyegusa kitu kikubwa. Anayelala kwenye hoteli za Disney zenyewe anachagua foleni za haraka, Lightning Lane, siku 7 kabla ya kufika, na kwa kukaa kwake kote. Aliye nje anachagua siku 3 kabla. Halafu wa ndani wanaingia bustanini dakika 30 mapema kila siku, na kwenye maegesho ya bustani hawalipi. Hizo dakika 30 ndizo unapanda Seven Dwarfs Mine Train bila kusota. Kwa familia yenye siku tatu tu, hiyo inashinda bwawa lolote.

Kuingia huko si lazima ununue. Mwenye pointi za Disney Vacation Club, taimushea ya Disney wenyewe, anakuwekea nafasi kwa jina lako, unamlipa hela kwa kila pointi. Ila jua kanuni: kwenye rizoti yake ya nyumbani, ile aliyonunulia pointi, anaweka miezi 11 kabla, kwenye nyingine miezi 7. Kwa hiyo ukitaka wiki ya Krismasi tafuta mwenye nyumbani HAPO HAPO, siyo yeyote mwenye pointi. Na mpate miezi 12 kabla, siyo 10. Hizi za Disney angalau zina mwisho. Old Key West, ya kwanza kabisa, ya 1991, mkataba wake wa mwanzo unakufa 31 Januari 2042. Zile za huyo jamaa hazifi, zinarithiwa.

Mleta uzi: Zinarithiwa na NANI? Na mtoto! Mnaona sasa alikuwa anamgeukia nani? Alikuwa anaongea na mteja wake wa mwaka 2060!

Kisiki_cha_Mpingo: 😂😂 Hapo umenena. Ila mtoto halazimiki kupokea, mrithi anaweza kuikataa kwa maandishi, mradi asiitumie wala asiilipie hata senti kwanza.

Mzee_wa_Columbus: Hayo ya kurithi ni madogo. Wabaya ni wale wanaopiga simu BAADA. "Tuna mnunuzi wa wiki yako, tuma ada ya kuhamisha kwanza." Hakuna mnunuzi. Wiki za Orlando zinauzwa mtandaoni kwa dola moja na bado hazitoki, nani atakupa 20,000? Mwaka 2023 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizokuwa zikiwaibia wenye taimushea kwa mtindo huo huo, pesa zikienda kwa genge la dawa za kulevya. Anayetaka hela kabla ya kukutoa, kata simu. Anza na mwenye rizoti mwenyewe, uliza kama wanapokea kurudishiwa. Wengi wanapokea ukiwa huna deni la mkopo na ada ya mwaka umelipa. Ukiwa bado una mkopo, hakuna mwujiza.

Babu_Kijiwe: Mzee, fungua uzi wako.

Mzee_wa_Columbus: Nifungue wa nini, huu una watu tayari.

Binti_Kisauni: Samahani jamani, chapati wanaruhusu kuingia nazo bustanini? Chakula cha pale ndani kinataka mshahara wa mwezi.

Mama_Wawili: Disney wanaruhusu, mdogo wangu. Chakula chochote kisichohitaji kupashwa moto, chupa za vioo hapana, pombe hapana. Kikasha cha baridi kisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18, na barafu ya kumimina hawataki, weka zile pakiti za kugandisha. Pika usiku kule kwenye kondo. Ila kwenye makabati utakuta sufuria na sahani za idadi ya vitanda, kibao na mpini wa kusukumia huvikuti, wala kikaango kizito. Kile chao chepesi kinaunguza katikati na pembeni unga mbichi. Beba chako kwenye begi la kupakia chini ya ndege, mkononi watakuzuia. Washa feni ya juu ya jiko kabla hujaweka mafuta, maana king'ora cha moshi kiko karibu na jiko na kinaita kwa chapati ya tatu.

Binti_Kisauni: Asante dada. Na tuna kile kigari cha kuvuta cha watoto wawili, kinafaa?

Dereva_wa_I4: Cha kuvuta kiache nyumbani, Disney walivipiga marufuku 1 Mei 2019. Kinachoruhusiwa ni cha kusukuma, upana usizidi inchi 31 na urefu 52. Pima na vishikio.

Mleta uzi: Jamani, mtoto bado analia.

Mama_Wawili: Cha kusukuma cha watu wawili wakae mbele na nyuma, siyo ubavu kwa ubavu. Na kifunge kitambaa cha rangi ya kung'aa, maegesho ya pale vinafanana mia mbili.