Naomba ushauri: msalaba wa Mtakatifu Brigida unalegea katikati ukikauka

Wakuu, salaam. Naandaa misalaba ya Mtakatifu Brigida, yaani ile ya Kiayalandi inayosukwa kwa mabua, yenye mraba katikati na mikono minne, ya kutoa zawadi Februari 1, sikukuu yake na siku ambayo Waayalandi huihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Kila msalaba unakula mabua 28 ya Juncus effusus, jani la kinamasi, yenye urefu wa sentimita 30 hivi. Bua la kwanza nalisimamisha wima, la pili nalikunja katikati na kulizungushia lile la kwanza kuelekea kulia. Kisha nageuza robo duara kushoto, nakunja linalofuata juu ya lililotangulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ncha 4 nafunga kwa uzi.

Shida ni kwamba bua bichi husinyaa likikauka, mraba wa katikati ukaachia. Nikilikausha kwanza, linavunjika kwenye kunjo. Likilowekwa mno linavimba, kisha linasinyaa upya na kushika ukungu. Gundi sitaki kabisa. Uzuri wa msalaba huu ni kujishika wenyewe.

Mnaosuka mikeka, ukindu mkavu mnaulowesha kwa muda gani, na mnajuaje umelainika vya kutosha? Je, nikaze mraba tena kabla ya kupunguza ncha?