Ushauri: mama apasuliwe kwa matundu au wafungue tumbo?

Mdau wa Newala: Wakuu, habari. Majibu ya kipimo cha kinyama alichokatwa mama yangu yametoka: saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya kwanza. Kutoka hospitali ya Ligula, Mtwara, tumepewa rufaa Dar, na huko wanasema kizazi kitolewe. Kaka zangu wanang'ang'ania matundu, ule upasuaji wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo tumboni, kidonda kidogo, arudi kabla korosho hazijaanza kudondoka. Jana mama yuko mkekani anachambua mbaazi, akaniuliza, "Ugonjwa wote unapitia kwenye hayo matundu?" Nilikosa jibu.

Nesi Masasi: Pole sana mdogo wangu. Mama kauliza swali lenyewe. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 631 wenye ugonjwa kama wake, hatua hiyohiyo ya mwanzo. Baada ya miaka minne na nusu, waliofunguliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Wa matundu, asilimia 86. Na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa matundu. Vinavyohisiwa ni kile kifaa cha kushikia kizazi na gesi ya kuvimbisha tumbo, kwamba vinatawanya chembe za saratani. Hata wakiwatajia upasuaji wa roboti, ni matundu yaleyale, msidanganyike na jina.

Binti Lindi: Mbona mama mdogo alifanyiwa matundu, saratani ya utumbo mpana, na mwaka wa nne huu analima ufuta?

Nesi Masasi: Utumbo mpana ni habari nyingine dada, huko tafiti zimeonyesha matokeo yanalingana. Ninachosema ni cha shingo ya kizazi. Mdau, muulizeni daktari: uvimbe una sentimita ngapi? Kwa nini achague matundu kwa mama huyu? Kizazi kitatoka kizima, bila kukatwa vipande? Mwambieni mmesikia habari za utafiti huo, hatakasirika.

Mzee wa Mikindani: Mwanangu, mke wangu alifunguliwa tumbo. Kovu toka kitovuni hadi chini, akikohoa anajishikia mto. Wiki sita hakugusa ndoo, maji nilichota mimi. Jipangeni kwa hilo mapema, msiache mpaka arudi.

Mdau wa Newala: Asanteni mno. Nimemsomea mama yote. Kasema tumbo lifunguliwe, ila daktari amweleze yeye mwenyewe kwanza. Kaka mkubwa anasema korosho ataokota yeye.